Deni la Baba, Jasho la Mwana

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii husemwa kumwonya mkopaji, nayo yatosha kabisa maadam mkopaji na mlipaji ni mtu mmoja. Lakini kuna jambo jingine lililotokea mara nyingi ulimwenguni, nalo methali haikulitaja: harusi ikaliwa na mtu mmoja, matanga yakakaliwa na mwingine, tena mtoto, ambaye siku ya kukopa hakuulizwa neno. Mtoto huyo hulipa kwa kitu kimoja tu alicho nacho, yaani mikono yake. Riwaya ninayokusudia kuihakiki hapa ni habari ya malipo ya namna hiyo.

Riwaya hiyo ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyehamia Uingereza akiwa kijana, akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Aliiandika kwa Kiingereza kwa jina la Paradise, ikatoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitolewa mwaka 2022. Basi watu wa kitabu hiki, ambao takriban wote ni wasemaji wa Kiswahili, walikaa miaka 28 wakisemewa kwa ulimi wa kigeni kabla ya kurudishiwa wao. Kurudi huko kwatupasa sisi wenyeji tuwasikilize upya.

Wengi walioieleza riwaya hii wameitazama kama habari ya kuingia kwa Wajerumani barani, au kama kisa cha Nabii Yusuf kilichovikwa nguo za pwani yetu. Kila mmoja ana haki yake. Hata hivyo, mimi nataka kuiuliza swali lililo karibu zaidi na ardhi: huyu mtoto aliyetumikishwa bila ujira, ni nani mwenye dhambi yake? Dai langu ni kwamba Peponi ni miongoni mwa vitabu vichache vilivyoeleza sawasawa namna dhambi hii inavyogawanywa baina ya watu wengi, hata kila mmoja akaona fungu lake ni dogo mno kustahili toba. Tena kitabu hiki, pasipo kuhutubu, chatuonyesha kuwa mgawanyo huo ni udanganyifu.

Kabla ya kuendelea yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa kwa makusudi na wale wanaofaidika na mchanganyiko wake. Mtoto kufanya kazi si kosa. Siti binti Saad, mwimbaji ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alizaliwa Fumba katika nyumba ya mkulima na mfinyanzi, naye katika udogo wake aliuza vyungu vya mama yake. Kazi ile ilikuwa sehemu ya malezi. Alijua anamfanyia nani, faida yake ilirudi katika jiko alilokula yeye mwenyewe, na ufundi aliofundishwa ulikuwa wake. Hapana mtu mwenye akili atakayemwita mama yule mdhalimu. Mtoto aliyetumikishwa ni mwingine. Alama zake ni tatu: hana ujira, hana muda uliowekwa, na hana njia ya kurudi. Tukizishika alama hizi hatutababaishwa na maneno matamu, na katika Peponi maneno matamu ni mengi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Anaishi Kawa, mji mdogo wa bara uliopata uhai wake kwa reli ya Wajerumani, kisha ukafifia. Baba yake ana hoteli isiyopata wageni wa kutosha. Mgeni mmoja hupita mara kwa mara: Aziz, tajiri wa misafara, mtu mtaratibu, mwenye sauti ya upole na harufu ya manukato. Yusuf amefundishwa kumwita kwa jina la ndugu wa wazazi wake, na kila mgeni huyo aondokapo humtilia sarafu mkononi. Siku moja mtoto anaulizwa kama angependa kufanya safari ndogo. Anafungiwa kifurushi cha nguo chache, msahafu na tasbihi kuukuu ya mama yake, anapandishwa treni, na safari ile ndogo haina mwisho. Pwani anawekwa katika duka la Aziz pamoja na kijana aliyemtangulia, Khalil, naye ndiye anayemfumbua macho: mtu yule si ami yako, umwite seyyid, baba yako anadaiwa, nawe upo hapa mpaka deni liishe.

Tuanze na jina hilo. Kiingereza kina neno moja tu la ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili kinatofautisha: huyu ni ami au baba mdogo, yule ni mjomba. Majina haya si mapambo, kila moja lina haki na wajibu. Ami husimama mahali pa baba. Yeye huweza kumwoza binti wa nduguye asiye na baba, wala babu, wala kaka. Sasa tazama faida anayoipata tajiri kwa kuitwa jina hilo na mtoto wa mdaiwa wake. Haki zote za ami anazo: kuheshimiwa, kutiiwa, kupelekewa mtoto bila hati wala shahidi. Wajibu wa ami hana hata mmoja. Mtumishi ana haki ya kudai mshahara, na mtumwa angalau ajua kwamba ni mtumwa. Lakini mwana aliyepelekwa kwa ami yake atamdai nani, na atadai nini? Gurnah hakuliweka jina hili kitabuni kama urembo wa mazingira. Ndiyo kufuli yenyewe, na kwa sababu hiyo jambo la kwanza analofanya Khalil ni kuivunja. Ukali wa Khalil kila Yusuf anapoteleza na kusema ami, ambao msomaji wa haraka huweza kuudhani wivu, ni rehema ya mfungwa mkongwe kwa mfungwa mpya.

Sarafu nayo ina kazi yake. Mtoto anangoja kuondoka kwa mgeni kwa sababu ya sarafu ile, anaipenda, na kwa sababu yake anampenda anayeitoa. Mwandishi hasemi kwamba ni chambo, ila aieleza furaha ya mtoto na kupita. Lakini sisi tuliosoma mpaka mwisho, tukirudi mwanzo, twaona kwamba mtoto alizoeshwa mkono ule kabla ya kukabidhiwa kwake. Waliomnunua Nabii Yusuf, kama Qur'ani inavyoeleza katika sura ya 12, walitoa dirhamu chache za kuhesabika. Yusuf wa Kawa alipewa mwenyewe, kidogo kidogo, sarafu za bei yake, akazifurahia.

Sasa tuwapange washtakiwa, tumsikilize kila mmoja.

Wa kwanza ni baba. Yeye atasema: sikuuza mwana, nimeweka rehani, nikilipa nitamrudisha. Tena atasema kwamba hakuwa na njia nyingine, kwani biashara ilikufa na mdai yu mlangoni. Wa pili ni mama. Yeye atasema kwamba hakuulizwa. Wa tatu ni Aziz. Huyu utetezi wake ni wenye nguvu kuliko wote, nao ndio unaokifanya kitabu hiki kiwe kigumu. Hakumpiga mtoto. Amempa chakula, pahala pa kulala na biashara ya kujifunza. Hakumwomba, ameletewa kwa desturi aliyoikuta. Naye pia ana wadai wake. Kila asomaye historia ya misafara ya pwani ajua kwamba iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Unguja na bandari za mrima; Taria Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Basi mkono ulionyoshwa mpaka Kawa ulikuwa umeshikwa na mkono mwingine nyuma yake. Na nyuma ya huo kulikuwa na mwingine tena, maana pembe za ndovu hazikuliwa Unguja. Zilipakiwa merikebuni zikaenda London, zikaenda Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut kule Marekani, zikachongwa funguo za vinanda. Yule binti aliyejifunza kinanda sebuleni kwao hakulijua jina la Kawa, wala mzazi wake hakuwa na nia mbaya na mtoto wa mtu.

Mshtakiwa wa mwisho ni serikali. Wajerumani walijigamba kwamba waliingia kuondoa utumwa. Kwa kweli walitangaza mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, wakawaacha wazazi wao kama walivyokuwa. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Tena serikali hiyo hiyo ndiyo iliyowalimisha watu pamba kwa viboko, hata vikazuka vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwenye kutumikisha watu wazima kwa shuruti hawezi kuwa hakimu wa yule anayemtumikisha mtoto kwa upole.

Orodha imekwisha, na kila mtu amejitetea, na hapana utetezi mmoja ulio uongo mtupu. Hapa ndipo msomaji anapohisi kizunguzungu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha riwaya. Dhambi ipo, kwa kuwa mtoto yupo dukani. Lakini kila tunayemgusa ana mwenzake wa kumwonyesha kidole.

Wanazuoni wetu wana kipimo kinachofaa mahali hapa. Faradhi, wasema, ni mbili. Kuna fardhi ain, ambayo kila mtu hudaiwa kwa nafsi yake, kama sala tano. Na kuna fardhi kifaya, kama kumwosha na kumzika maiti, ambayo wakiifanya baadhi wengine wamesalimika. Watu waipenda nusu ya kwanza ya hukumu hii ya pili, wakaisahau nusu yake ya mwisho: asipotokea hata mmoja wa kuifanya, wamekosa wote. Hawakosi kwa mafungu. Maiti akioza njiani katika mji wa watu mia, hatuambiwi kwamba kila mmoja ana sehemu moja katika mia ya dhambi; kila mmoja anayo nzima. Deni la fedha likigawanywa kwa watu kumi humpungukia kila mmoja. Wajibu wa kumwokoa mtoto haufuati hesabu hiyo, na kosa la watu wa Peponi, toka Kawa hata pwani, ni kuutendea wajibu kwa hesabu ya deni.

Ubora wa Gurnah utaonekana zaidi tukimlinganisha na mwandishi aliyelijua jambo hili kwa mwili wake. Mwaka 1824 baba yake Charles Dickens alifungwa kwa madeni katika gereza la Marshalsea huko London, na mtoto, mwenye miaka kumi na miwili kama Yusuf, alitiwa katika kiwanda cha rangi ya viatu kubandika karatasi kwenye vikopo kwa shilingi sita kwa juma. Aliificha habari hiyo karibu maisha yake yote. Ulimwengu uliijua baada ya kufa kwake mwaka 1870, rafiki yake John Forster alipoandika maisha yake. Humo twasoma kwamba hata baba alipotoka gerezani mama alitaka mtoto arudi kiwandani, na Dickens hakuweza kulisahau hilo kamwe. Lakini tazama alivyoligeuza katika riwaya ya David Copperfield, iliyotoka baina ya 1849 na 1850. Baba mdaiwa hayumo katika kosa; ametengwa, akafanywa Bwana Micawber, mtu wa kuchekesha na kupendwa. Mama mzazi amekufa mapema, hana hatia. Anayempeleka mtoto kuosha chupa ni baba wa kambo, Murdstone, mtu katili ambaye hata jina lake lina sauti ya mauaji na jiwe. Na dawa yake ni shangazi mwenye moyo mwema, ambaye mtoto anamfuata kwa miguu mpaka Dover.

Simlaumu Dickens. Mtu aliyeumizwa na wazazi wake ana ruhusa ya kubuni mdhalimu mwingine, na machozi aliyowatoa Waingereza yalisaidia kulainisha nyoyo katika karne iliyokuwa ikitunga sheria za viwanda na migodi. Lakini kisa chenye mdhalimu mmoja kina hasara yake. Msomaji humchukia Murdstone, hufunga kitabu, hujitazama, akaona hafanani naye, akalala usingizi. Aziz hatupi usingizi huo, kwa sababu twafanana naye. Ana adabu kama zetu, ana udhuru kama zetu, na nyumbani mwake mna bustani ambayo kila mmoja wetu angependa kuwa nayo.

Bustani hiyo, ambayo ndiyo iliyokipa kitabu jina lake, ina mtunzaji, Mzee Hamdani, mtumwa wa zamani. Alipopewa uhuru kama zawadi aliukataa, akiona kwamba hakuna aliyekuwa nao wa kumpa. Wahakiki wameshangilia neno la mzee huyu, nami nalistahi. Lakini ni lazima tuone pia kwamba mzee yule angali analima, na kwamba pepo ile yote yasimama juu ya mgongo wake. Khalil naye aliletwa pwani na baba yake kwa sababu ya deni, pamoja na Amina, msichana ambaye baba huyo alimwokoa mikononi mwa watekaji, akamlea kama mwanawe, kisha akamtoa. Baadaye Aziz alimwoa Amina. Khalil sasa aweza kuondoka, hata hivyo haondoki. Aona haya kumwacha dada aliyelipiwa deni kwa mwili wake. Katika kitabu kizima ni yeye peke yake asemaye kwa matendo: jambo hili ni langu. Aliyetendewa ndiye aliyebeba lawama ambayo watendaji waliitupa njiani. Sijui kama yupo mwandishi mwingine wa pwani yetu aliyelieleza jambo hili kwa uchungu mkubwa hivyo na kwa maneno machache hivyo.

Kuna mahali padogo panapothibitisha hayo yote. Aziz, akienda safari, anamwacha Yusuf katika mji wa mlimani kwa mwenye duka aitwaye Hamid, kama shehena iwekwavyo ghalani. Ramadhani inapofika, wenyeji wanagundua kwamba kijana huyu hajui kusoma Qur'ani. Msahafu alikuja nao kutoka kwao, umo katika kifurushi. Miaka imepita, na hapana aliyeona kuwa ni kazi yake kumfundisha. Anapelekwa chuoni akae mkekani na watoto wadogo. Msomaji aangalie aibu inamwangukia nani. Inamwangukia Yusuf. Mtoto aliyenyimwa elimu huona haya ya ujinga wake, na walioifunga elimu hiyo hawaoni haya. Ukitaka kujua gharama ya kumtumikisha mtoto usihesabu mizigo tu aliyoibeba. Hesabu na kitabu alichokibeba asikijue.

Riwaya hii ina mapungufu, nami nisipoyataja sitakuwa mhakiki. La kwanza ni mama yake Yusuf. Baada ya kurasa za kuagana hatumsikii tena akisema, ila hupita katika mawazo ya mwanawe. Yaweza kusemwa kwamba twaona kwa macho ya mtoto, na mtoto hakumwona tena. Ni kweli, lakini mwandishi aliyempa Hamdani fasaha ya uhuru, na Amina nafasi ya kusimulia maisha yake, angeweza kumpa mwanamke yule sentensi moja. Utetezi wake, kwamba hakuulizwa, nimeusema mimi kwa niaba yake. Kitabu hakikumwita shahidi. La pili ni uzuri wa maelezo. Harufu za manukato, maji ya bustani na mazungumzo ya wasafiri usiku vimepambwa hata pengine msomaji husahau kwamba anayeyatazama yote hayo hana mshahara. Huenda ndivyo mwandishi alivyotaka, tulewe kama Yusuf alivyolewa. Lakini ulevi mwingine humpita mlevishaji, na katika sura za safari ya bara nimeona swali la mtoto likizama katika habari za wapagazi na za sultani Chatu, lisiibuke mpaka tumerudi pwani.

Mwisho wa kitabu wengi wameulalamikia. Wajerumani wanakuja kukamata watu kwa ajili ya vita. Yusuf, ambaye sasa ni kijana, anajificha, na wakishaondoka anakimbia kuufuata msafara wa askari. Wanauliza: yawezekanaje mtu aukimbie utumwa mmoja kwa kukimbilia mwingine? Mimi naona yawezekana sana, tena ni kweli chungu ya maisha. Nani alimfundisha njia nyingine? Mtu aliyekabidhiwa toka mkono hata mkono tangu miaka kumi na miwili hajui kusimama pasipo mkono. Waliomtoa Kawa ndio waliomfikisha kwa askari, ijapokuwa baina ya siku hizo mbili imepita miaka.

Je, hayo ni habari za kale? Mkataba wa Nyongeza wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1956 uliingiza katika mambo yanayofanana na utumwa si rehani ya deni tu, bali pia kumkabidhi mtoto kwa mtu mwingine ili atumikishwe, pawe na malipo au pasiwe. Wenye kuuandika walimjua Aziz vizuri. Mkataba wa 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1999, dhidi ya namna mbaya zaidi za kutumikisha watoto, ulikuwa umeridhiwa na nchi zote wanachama ilipofika mwaka 2020. Hata hivyo, hesabu ya shirika hilo na UNICEF iliyotolewa mwaka 2025 yasema kwamba mwaka 2024 watoto milioni 138 walikuwa wakitumikishwa, milioni 54 kati yao katika kazi za hatari. Nchi zote zimetia sahihi, na watoto wapo. Ni ile hesabu ya mafungu tena.

Hata ile safari ya pembe ina mrithi. Huko Kolwezi, katika Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, watoto wamechimba na kuosha mawe yenye kobalti, madini yanayoingia katika betri za simu na motokaa. Mwaka 2019 jamaa za watoto waliokufa au kuvunjika viungo migodini walizishtaki mahakamani Washington kampuni tano kubwa zinazotumia madini hayo. Mwaka 2024 mahakama ya rufani ilikataa dai lao, ikiona kwamba kununua kutoka katika mkondo wa biashara wa ulimwengu si sawa na kushirikiana na wenye kuwatumikisha. Sitaki kubishana na majaji juu ya sheria yao. Nasema tu kwamba msomaji wa Peponi atautambua utetezi ule: ni wa yule binti wa kinanda, sasa umeandikwa na mawakili.

Lakini itakuwa rahisi mno nikimalizia Washington. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Katika miji yetu, msichana aliyeletwa kutoka shamba kupika, kufua na kulea huitwa dada. Nyumbani kwetu alikuwapo mmoja. Alinizidi miaka miwili. Baba yake alisaidiwa na baba yangu fedha za matibabu, na baada ya mazishi yeye akaletwa kwetu akae. Hapana aliyelitamka neno deni. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri akatuchemshia chai. Sisi tulikwenda shule, yeye akafunga mlango nyuma yetu kwa ndani. Aliponiona nikisoma alipenda kuniuliza maneno yaliyoandikwa juu ya jalada, nami nilimsomea jalada tu, kwa kuwa nilikuwa na haraka. Hakupigwa wala hakulala na njaa. Ujira, muda na njia ya kurudi hakuwa navyo.

Nilipokwisha kuisoma riwaya hii nilimwendea mama yangu, ambaye ni mzee sasa, nikamwuliza kwa nini hatukumpeleka dada yule shule. Alinitazama kwa mshangao usio na hila yoyote, akajibu: "Mwanangu, kwani yule hakuwa mtoto wetu?" Nikalikumbuka jina la ami, nikanyamaza. Yule dada yu hai, ana wajukuu, na kila Idi hutuletea kaimati. Bado hajui kusoma. Nilipomweleza kwamba naandika juu ya kitabu cha mtoto aliyewekwa rehani, aliniomba nimsimulie kisa chote tangu mwanzo. Nikamsimulia, naye akasikiliza mpaka mwisho akimenya vitunguu, kisha akauliza swali moja ambalo hakuna mhakiki niliyemsoma aliyeliuliza: baba yake alipokufa, deni lilikuwa limebaki kiasi gani?